Nikienda Kuswali, Laini Hupona

Tajiri wangu aliniita mkosi mbele ya watu watatu. Mpaka leo nikipita Ndia Kuu nikauona mlango wa duka lake, mate hunijaa mdomoni. Siyatemi, kwa sababu mamangu alinilea. Lakini hujaa.

Nitayasema kama yalivyokuwa, na atakayeudhika audhike.

Duka lenyewe huuza vipuri vya cherehani. Sindano, bobini, mikanda, vyuma vidogo vidogo ambavyo fundi nguo akivikosa kazi yake inalala. Chini ni duka, juu ni nyumba ya mwenye duka, kama zilivyo nyumba nyingi za Mji wa Kale. Mzigo mkubwa haukai hapo. Uko ghalani, karibu na Feri, na huko kuna karani mmoja na kompyuta moja. Mimi nilikaa dukani na kompyuta ya pili. Fundi nguo akija kuuliza mkanda wa cherehani ya tangu enzi za bibi yake, natazama kama ghala linao, naandika, kule unatolewa, saa hiyo hiyo unaletwa. Kazi si ngumu. Nilimaliza kidato cha nne na nikasoma kompyuta miezi sita. Ilinitosha.

Nilipewa miezi mitatu ya majaribio. Ikiisha, ama barua ya kazi, ama njia. Mwanangu wakati huo alikuwa wa miezi minane. Kila asubuhi namwacha kwa mamangu Buxton na nguo mbili za kubadilisha, nami nashika njia na kifua kimejaa maziwa ambayo hayatanyonywa mpaka jioni. Babake hakuwapo, na simzungumzi hapa. Hasira za leo zina mwenyewe. Nataka tu ijulikane kwamba barua ile sikuitaka kwa fahari. Niliitaka kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuitaka kwa niaba yetu.

Sasa, kompyuta zile mbili zilikuwa zikizungumza kwa simu ya waya. Nikiwaeleza watu hucheka, wakaniuliza kama tulikuwa na telegramu pia. Wacheke. Kila upande ulikuwa na kisanduku cheusi, ruta, na kando yake modemu ya kukiunganisha na laini ya simu, yenye safu ya taa ndogo. Wenye maduka wengine mtaani walishavitupa vyombo hivyo zamani. Tajiri wetu hatupi kitu. Ana feni pale dukani inayozunguka kwa kusukumwa na kalamu.

Na visanduku hivyo havikuzungumza ovyo. Cha dukani kikitaka kuzungumza na cha ghalani, kinapiga. Cha ghalani kinatambua ni nani, hakisemi neno, kinakata. Kisha chenyewe ndicho kinachopiga, kwa namba ya duka iliyoandikwa ndani yake, na hapo ndipo mazungumzo huanza. Ni ulinzi. Mtu yeyote anaweza kujifanya duka, lakini akikatiwa na kupigiwa kwa namba ya duka, simu italia dukani, haitalia kwake. Fundi wa mitambo aliyekuwa akituangalizia vyombo, kijana wa bara mwenye kazi yake nyingine huko bandarini, alinieleza hayo robo saa nzima. Akachora karatasi ikajaa mishale.

Nikamwambia, "Fundi, hii si ni bip?"

Akatazama mishale yake. "Ndiyo, madam," akasema. "Ni bip."

Nani asiyejua kubip, kupiga ukakata ili upigiwe? Mimi na mamangu tulikuwa na yetu. Mlio mmoja kwenye simu yangu ya mkononi, mtoto kalala. Miwili, kanywa uji. Mitatu, rudi nyumbani. Kwa hiyo visanduku vile nilivielewa tangu siku ile kuliko mwenye navyo. Duka linabip, ghala linarudisha. Yamekwisha.

Ila yalikuwa hayafanyiki. Wiki ile ile niliyoanza kazi, bip ikavunjika. Duka linapiga, ghala linakata, tunasubiri lirudishe, kimya. Linapiga tena. Kimya. Kioo cha kompyuta kinaandika kwamba njia haikupatikana. Asubuhi nzima hivyo, mafundi nguo wamepanga foleni, wananitazama mimi kana kwamba mkanda wao nimeufunga kiunoni. Karani wa ghala nikimpigia simu ya mkononi anasema kwake kisanduku kinapiga kama kawaida, simu ya duka inaita, kisha inashikwa na hakuna anayezungumza nacho. Nikamwambia haijashikwa, niko mbele yake. Akasema imeshikwa. Tukagombana hivyo wiki mbili, mimi na mtu ambaye sijawahi kumwona sura.

Kisha, katikati ya siku, bila mtu kufanya lolote, kompyuta inajaribu yenyewe na njia inafunguka. Kila kitu kinapita. Nusu saa, dakika arubaini. Tukikaa kimya kidogo inajikata, na tukiitaka tena haipatikani mpaka alasiri.

Fundi wa mitambo aliitwa. Kwa kuwa ana kazi yake, alikuja saa yake ya chakula, kama saa saba kasoro, mlango wa duka ukiwa umefungwa nusu, na mkate wake wa mayai mfukoni. Akajaribu. Njia ikafunguka mara ya kwanza. Akajaribu mara tano, mara tano ikafunguka. Akabadilisha waya hata hivyo. Safari ya pili akabadilisha modemu. Safari ya tatu akaisoma namba ya duka tarakimu moja moja, na akaongeza muda wa kusubiri baina ya kukata na kurudisha. Kila safari aliondoka akisema haina shida, na kila safari ilipofika saa nane ilikuwa imekufa.

Aliyeanzisha maneno ni mzee wa kaunta. Huyu amekaa duka lile miaka mingi na anajua kila sindano kwa kuigusa, na ulimi wake una ncha kuliko zote. Siku moja yeye na tajiri wametoka msikitini adhuhuri, wakakuta taa ya kijani inawaka, njia imefunguka, nami natoka stoo ya nyuma nilikokuwa naswali, leso ingali kichwani. Akacheka. Akasema laini hii ina dawa yake, wamwache mama mtoto awe anaswali tangu asubuhi.

Mimi pia nilicheka, mjinga mimi. Tajiri hakucheka. Siku iliyofuata akatazama. Na iliyofuata. Adhuhuri nikienda stoo, njia inafunguka. Nikirudi kitini, ikikatika haipatikani. Alasiri vile vile.

Kisha ikaja asubuhi ile. Mafundi nguo wawili wako kaunta wanasubiri, wanawake wote wawili, mzee wa kaunta yuko mahali pake. Mimi nimepokea bip ya mamangu na nikaitazama simu yangu, ndiyo kosa langu. Tajiri akasimama katikati ya duka na hata hakunisemesha mimi. Aliwasemesha wao.

"Tangu aje huyu, laini imekufa," akasema. "Akiondoka kitini inapona. Ana mkosi. Mwanamke wa kunyonyesha, akili iko nyumbani, mkono uko kwenye simu, mnatarajia nini?"

Wale wanawake walitazama chini. Mmoja wao alikuwa na tumbo la miezi saba au minane.

Akachukua karatasi, akaandika kwa kalamu nyekundu USIGUSE, akaibandika kwenye simu ya mezani iliyokuwa karibu na modemu, laini moja na modemu. Akasema Alhamisi ya mwisho wa mwezi fundi atakuja kwa mara ya mwisho, na atakuja asubuhi, si saa ya mimi kuswali, ili aone kwa macho yake. Laini isipopona, Ijumaa nisije.

Najua mtu wa kawaida angelia. Mimi sikulia. Nilihesabu bobini sanduku zima, mia na kitu, ili mikono isifanye jambo jingine. Nilipofika Buxton nikamnyonyesha mtoto, akanikataa, akageuza kichwa. Mamangu akasema maziwa yameingia hasira. Nikamwambia basi na azoee.

Kesho yake nikanunua daftari. Nikaanza kuandika kila jaribio: saa ngapi, taa gani imewaka, mara ngapi. Hakuna aliyeniambia. Kidato cha nne tulifundishwa kwamba usiyemwamini unamwandikia, na mimi sikumwamini mtu wala mashine. Siku mbili hazikwisha nikaona jambo. Kwenye modemu kuna taa inayomweka simu ikiita. Wakati laini ni mbovu, taa ile inamweka mara moja tu, inazima. Wakati laini ni nzima, inamweka mara mbili, na modemu inashika. Fundi alishaniambia modemu imewekwa ishike mlio wa pili.

Kwa hiyo karani wa ghala alikuwa mkweli. Mlio mmoja, kisha mtu anashika. Mtu, si modemu. Lakini simu ya dukani iko mbele ya macho yangu, na ile karatasi yake yenye kalamu nyekundu, na hakuna aliyeigusa.

Niliandika hilo pia, na nikazidi kukasirika, kwa sababu ukilitazama vizuri lilikuwa linanielekea mimi. Nani mwingine anakaa karibu na ile simu?

Ndipo wiki ile nikaingia katika siku zangu.

Nitalisema kwa kuwa ndilo lililoniokoa, na nimechoka kulisema kwa kuzungukazunguka. Sikuwa na sala. Adhuhuri ikaadhiniwa, tajiri na mzee wa kaunta wakavaa kofia wakaenda, mlango ukafungwa nusu, nami nikabaki kitini. Mikono nimeiweka juu ya magoti.  Nikabonyeza, duka likapiga, ghala likakata. Taa ikamweka mara moja. Ikamweka mara ya pili. Kijani.

Nimekaa pale pale. Mkosi wote umekaa kitini, haujaenda popote, na laini imepona.

Mtu atadhani nilifurahi. Ningeweza kupiga ukuta. Ushahidi ninao, umeandikwa kwa mkono wangu na saa yake, na siwezi kumwonyesha mtu. Nimwambie nini? Tajiri, leo sikwenda kuswali na laini imefunguka? Swali lake la kwanza litakuwa kwa nini sikuswali. Wakarudi kutoka msikitini, wakakuta kijani, mzee wa kaunta akanitazama akasema naona dawa imefanya kazi. Hakuna aliyejua kwamba sikuinuka. Siku nne nilikaa hivyo, siku nne laini ilifunguka, na siku nne nilimeza.

Lakini kichwa kilikuwa kimeshaachana na mimi mwenyewe, kikaanza kuuliza vingine. Kama si mimi ninayekwenda kuswali, nani mwingine huswali saa hiyo? Nani hushika simu kutwa, na adhuhuri na alasiri akaiacha?

Nikainua macho. Sijui kwa nini sikuyainua kabla. Dari la duka ni la boriti nyeusi, zimejaa vumbi la miaka, na juu ya vumbi lile kuna waya mweupe, mpya, umepigwa misumari midogo. Umetoka nyuma ya simu ya mezani, umepanda ukuta, umeambaa na boriti, umeingia kwenye tundu na kwenda juu. Juu anakaa mamake tajiri, bi mkubwa, ambaye magoti yamemkataa na ngazi hashuki tena.

Na waya ule niliujua. Siku yangu ya pili kazini, tajiri alipanda ngazi na nyundo na misumari mdomoni, akaniambia nimshikie, asianguke. Nikamshikia. Nilidhani ni waya wa taa.

Mimi ndiye niliyemshikia ngazi.

Amepeleka simu juu kwa mkono wake mwenyewe ili mamake asishuke kuzungumza na jamaa zake, jambo jema, sikatai. Hakumwambia fundi. Fundi kabadilisha modemu nzima, kasoma namba kama anayesoma hirizi, na yeye kasimama pale na waya wake mweupe juu ya kichwa chake, hasemi. Kisha ananiita mimi mkosi.

Nilimwambia mamangu. Akanitazama akiwa anamfuta mtoto mdomo, akasema ninyamaze. Mama wa mtu hasemwi, akasema, na hasa mama wa mwenye kazi, afadhali niache kazi nikabaki na jina langu kuliko kubaki nayo nimemsema bi kizee wa watu. Nikamuuliza jina lipi hilo, la mkosi?  Usiku huo tulilala hatusemezani, na chumba chenyewe kimoja.

Alhamisi fundi alikuja saa tano asubuhi, amejiombea ruhusa kazini, amenuna. Duka limejaa. Tajiri amesimama na mikono nyuma kama hakimu. Yule fundi nguo mwenye mimba alikuwapo tena, mkanda wake ulikuwa bado haujapatikana.

Fundi akajaribu. Duka likapiga, ghala likakata. Taa ikamweka mara moja, ikazima. Akajaribu tena. Mara moja, ikazima. Ilikuwa mara ya kwanza kuiona mbovu kwa macho yake, na nikaona amesahau kununa.

"Imeshikwa," akasema. "Kuna mtu ameinua."

"Si unamwona anayekaa hapo," tajiri akasema.

Mikono yangu miwili ilikuwa juu ya meza. Niliiinua, nikaigeuza, kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni. Nikasema ipigwe tena na wote wanitazame. Ikapigwa. Wakanitazama, hata wateja. Mara moja, ikazima.

Mzee wa kaunta akasema mkosi hauhitaji mikono. Watu wawili wakacheka.

Hapo ndipo nilipoona kwamba nikinyamaza sasa nitanyamaza maisha yangu yote. Nikafungua daftari.

"Wiki iliyopita sikuswali," nikasema. "Jumatatu, Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Sikuwa na sala. Nilikaa kwenye kiti hiki adhuhuri na alasiri, na siku zote nne laini ilifunguka nimekaa. Saa zake hizi hapa. Nyinyi mlikuwa msikitini."

 Mzee wa kaunta akaanza kupanga sindano zilizokwisha pangwa. Fundi, maskini, ni Mkristo, hakuelewa. Akauliza kwa nini sikuswali. Yule fundi nguo mwenye mimba akamwambia, "Mkeo hana siku zake?" Fundi akawa mwekundu mpaka masikioni, kama mtu mweusi anaweza kuwa mwekundu.

Tajiri alisema hayo si maneno ya kusemwa mbele za watu.

Nikamwambia mkosi pia si neno la kusemwa mbele za watu, na alilisema hapa hapa.

Kisha nikabandua ile karatasi ya USIGUSE. Nikamwambia fundi apige kwa mara ya mwisho, na taa ikizima tu, abonyeze spika ya simu ya mezani. Akafanya. Taa ikamweka mara moja. Ikazima. Akabonyeza.

Sauti ikajaa duka, sauti ya bi kizee, ya taratibu, kila neno na haki yake.

"Haloo. Asalaam aleikum. Nani mwenzangu?" Kimya, na mlio mdogo wa mashine, pi, kisha pi. "Ni wewe tena? Hujambo mwanangu? Sema, usione haya. Kama ni shida sema, hapa pana watu." Pi. "Haya. Ukiwa tayari utapiga." Akaweka.

Hakuna aliyemtazama tajiri. Kila mtu alipata kitu cha kutazama. Mimi nilimtazama. Nilimtazama kwa raha zangu.

Fundi akafuata waya kwa kidole, ukutani, boritini, mpaka kwenye tundu, akauliza huo umewekwa lini na nani. Tajiri akasema aa, huo ni wa Ma tu, wa juu. Fundi akasema, "Boss, nilikuuliza mara ngapi kama kuna simu nyingine kwenye laini hii?" Tajiri akasema yeye alidhani anaulizwa simu za dukani.

Kisha, na hapa kila nikikumbuka natafuta kitu cha kuhesabu, alinigeukia mimi akasema:

"Na wewe ulipojua, mbona hukusema mapema?"

 Nilikuwa na majibu kama matano na yote yangeniletea polisi. Akaona sijibu, akasema basi nipande juu nikamweleze Ma asishike tena simu ikilia. Yeye mwenyewe ana wateja.

Nikapanda. Ngazi za nyumba ile ni za kusimama, ndipo nikaelewa magoti ya bi mkubwa. Alikuwa ameketi dirishani kwenye kiti cha mikono, simu kwenye kistuli, karibu kama vile mtu anavyoweka birika. Nikamwamkia shikamoo, akanipokea, akaniuliza hali, na hali ya mamangu asiyemjua, na mtoto, akataka kujua ameota meno mangapi. Niseme kweli, nilikuwa nimepanda na hasira zangu zote na sikupata pa kuziweka.

Nikamweleza. Nikamwambia anayempigia na asiseme si mtu. Ni chombo cha ghalani. Chombo cha chini hukibip, nacho hurudisha, na yeye huiwahi simu kabla ya chombo cha chini kuishika.

"Yuwabip?" akasema.

"Yuwarudisha bip, bi mkubwa. Si wewe. Yuwaturudishia sisi chini."

Akafikiri. Akasema alikuwa akishika upesi kwa sababu asiposhika upesi chombo cha chini huwapigia jamaa zake mayowe masikioni, mpwa wake alimlalamikia. Na asiyesema alidhani ni mtu ana haya. Wapo watu hivyo, akasema, wana shida na hawajui waanzie wapi. Hakutaka kumkatia.

Kisha akasema jambo ambalo hakujua ni jambo.

"Lakini mwanangu nilimwambia. Wiki ya kwanza tu waya ulipotiwa. Nikamwambia, kuna anayepiga kutwa wala hasemi. Akaniambia, Ma, wacha, ni laini mbovu."

Nikamwomba aseme tena. Akasema tena. Wiki ya kwanza.

Nikamwambia yaliyonipata. Sikukusudia. Nilimwambia neno lile alilonipa mwanawe, na mbele ya nani, na Ijumaa ambayo nilikuwa nisije. Alisikiliza bila kunikatiza. Hakuniambia pole, na nilimshukuru kwa hilo, pole sikuitaka. Alisema waya utolewe, yeye hana haja ya kugombania simu na sanduku, atatafutiwa ya mkononi yenye namba kubwa. Ila hatautoa kwa kuambiwa na mimi.

"Mwambie aje mwenyewe," akasema. "Aliyeuleta ni yeye."

Nikashuka. Duka lingali limejaa, hakuna aliyekubali kuondoka, hata wenye mikanda yao. Tajiri akaniuliza kama Ma amekubali.

"Amekubali," nikasema, na sikuipunguza sauti. "Anasema uende wewe ukamwombe. Na anasema alikwambia wiki ya kwanza."

 Akasema haya, yamepita, turudi kazini.

Nikamwambia hayajapita. Nikasema neno lile alilisema mbele ya watu, nami nataka lifutwe mbele ya watu, na wale wanawake wawili mmoja yuko hapa na mzee wa kaunta yuko hapa, basi ni saa yake. Nikasema akitaka kunifukuza kwa hilo, anifukuze kwa hilo, liwe limeandikwa. Moyo ulikuwa ukinipiga mpaka maziwa yakanitoka, yakalowesha buibui, na sikujali.

Akaitazama feni yake mbovu.

"Si yeye," akasema.

Maneno mawili, na la pili nusu yake alilimeza. Hakusema samahani. Kisha akapanda ngazi, polepole, na tukamsikia juu anagonga hodi katika nyumba yake mwenyewe.

Fundi hakusubiri. Alichukua koleo akaukata waya hapo hapo ukutani, akajaribu. Duka likapiga, ghala likakata. Taa ikamweka mara moja. Ikamweka mara ya pili. Kijani, saa tano na nusu asubuhi, nami nimekaa kitini.

Barua niliipata wiki iliyofuata. Imeandikwa vizuri, ina muhuri. Haisemi popote kwamba nilisingiziwa, inasema nimemaliza majaribio kwa kuridhisha. Nimeiweka kabatini Buxton pamoja na karatasi ya kuzaliwa ya mwanangu, na lile daftari, na ile karatasi yenye kalamu nyekundu. Mamangu aliniuliza hiyo ya mwisho naiwekea nini. Nikamwambia naiwekea siku nitakayoanza kusahau.